Mshigi wa uani: namna ya kumfuata kwa mwaka mzima hapa Lubumbashi

Asubuhi, kabla moshi wa mbabula (jiko la makaa) haujatanda, kuna ndege mmoja mwekundu, mdogo kuliko kidole gumba cha mtu mzima ukiondoa mkia, anayeshuka mlangoni pa jiko letu kuokota punje zilizodondoka jana tulipopepeta. Hana woga. Mama akipita na ndoo, husogea hatua mbili, kisha huendelea kula. Marehemu kambo wangu (mzazi wa mzazi wangu) alimwita "kandeke", basi, kama alivyowaita wote wadogo. Katika Kiswahili cha vitabuni ni mshigi, na wataalamu humwandika Lagonosticta senegala. Jina hilo la pili alipewa na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1766, kwa ndege aliyetoka Senegal. Lakini makao yake hayaishii huko. Karibu savana yote ya Afrika kusini mwa Sahara ni yake, tangu magharibi hadi Ethiopia, na kushuka mpaka Afrika Kusini. Katanga tuko katikati ya nchi yake.

Nimeandika mwongozo huu kwa mtu wa Katuba, Kenya (mtaa wetu, si nchi), Ruashi, Kampemba au popote mjini ambaye hana darubini wala gari la kumpeleka kwenye mbuga za Upemba au Kundelungu. Unahitaji daftari, penseli, simu yenye kinasa sauti na mwaka mmoja. Ninasisitiza mwaka kwa sababu habari za ndege huyu zimegawanyika. Umbo lake hujifunzwa vizuri kiangazi, uzazi wake huonekana mvua zikishakolea, na jambo la ajabu kuliko yote linamhusu ndege mwingine kabisa, mweusi, ambaye hutamwelewa kama hukuanza na huyu mwekundu. Nashauri uanze Juni.

Hatua ya 1: Chagua mahali pamoja ukae hapo

Kosa la wanaoanza ni kuzunguka. Mtu anatembea kutoka mtaa hadi mtaa akitafuta ndege, anarudi na majina kumi na hajamjua hata mmoja. Mshigi wa uani hupenda kurudi palepale. Anaishi wawili wawili au kikundi kidogo, na chakula chake ni mbegu ndogo za nyasi zilizoanguka chini, kwa hiyo ukimkuta mahali leo, kesho atakuwapo au atakuwa hatua chache tu kutoka hapo.

Tafuta sehemu yenye vitu vitatu karibu karibu: udongo mtupu, kichaka au ua wa miti, na maji. Nyumba nyingi zetu zinavyo tayari: uwanja uliofagiliwa, ua wa bugenvilia au wa lantana, na pale mnapooshea vyombo. Weka kiti mita nne au tano kutoka hapo. Kaa nusu saa, tangu jua linapochomoza. Juni na Julai ni saa ya mateso kidogo, maana usiku wa Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, nasi tuko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Vaa koti. Ndege naye anasikia baridi. Utamwona amejivimbisha manyoya kama mpira, akingoja jua limfikie ndipo ashuke.

Siku tatu za kwanza usiandike chochote. Acha wakuzoee. Usivae nguo ya kung'aa, usiinuke ghafla, na ukitaka kusogeza mkono usogeze polepole.

Hatua ya 2: Hakikisha ni yeye

Ana urefu wa sentimita 10 hivi, na uzito wa gramu 8 au 9. Chukua karatasi mbili za fotokopi mkononi: hizo ni gramu 10. Mshigi ni mwepesi kuliko hizo, na ndani ya uzito huo mna moyo, mapafu, na wimbo.

Dume ana kichwa, koo na kifua vyekundu kama pilipili iliyoiva, mabawa ya kahawia, na wekundu tena juu ya mkia. Jike ni wa rangi ya udongo, ila ana doa jekundu kati ya mdomo na jicho, na wekundu uleule juu ya mkia. Wote wawili wana vidoa vyeupe vidogo mno pembeni mwa kifua, kama mtu aliyenyunyiziwa unga wa muhogo. Kuzunguka jicho la dume kuna duara jembamba la njano. Mdomo una wekundu wa waridi pembeni, na mstari wa giza juu. Watoto waliotoka kiotani karibuni ni kahawia tupu, hawana vidoa, na mdomo wao ni mweusi. Wengi hudhani hao ni ndege wa aina nyingine.

Hapa Katanga tunao ndugu zake kadhaa, na hapo ndipo watu hukosea. Kuna mshigi wa vichakani mwenye wekundu wa kiwaridi na mdomo wa kijivu-samawati, ambaye wataalamu humwita Lagonosticta rhodopareia. Kuna mwingine, Lagonosticta rubricata, mwekundu wa giza, naye pia mdomo wake ni wa kijivu-samawati. Hao wawili, madume yao wana weusi chini ya mkia. Wa uani hana, chini ya mkia wake ni kahawia. Kisha yupo mshigi wa kahawia, Lagonosticta nitidula, anayependa majani ya karibu na maji. Huyo ana wekundu usoni na kifuani tu, na juu ya mkia ni kahawia, si mwekundu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kutazama mahali pawili kwa mpango: kwanza mdomo, kisha mgongo unapokutana na mkia. Rangi ya kifua iache mwisho. Jua la asubuhi hudanganya sana juu ya wekundu, na ndege yuleyule saa moja ataonekana wa damu ya mzee, saa mbili wa waridi.

Usimchanganye na ndege wa bluu anayekula naye chini, maana hao hufuatana kila mara. Wala na yule mdogo mwenye utepe mwekundu machoni na mistari membamba mwilini, ambaye hupanda masuke akining'inia kwenye majani marefu ya mabondeni. Mshigi wetu ni wa chini, na hurukaruka udongoni kwa miguu miwili pamoja.

Hatua ya 3: Maji, na kona ya nyasi

Agosti na Septemba ndiyo miezi migumu. Moto wa porini umepita kila upande wa mji, vumbi jekundu limekaa juu ya majani, na maji yamekuwa mbali. Mla mbegu kavu ni lazima anywe kila siku. Ukimpa maji hutahitaji kumtafuta tena.

Chukua sahani ya udongo au kifuniko cha ndoo. Kina cha maji kisizidi sentimita mbili, na katikati weka jiwe ambalo kichwa chake kinatokeza juu, ili ndege asimame hapo. Weka chini, mahali wazi, mita mbili hivi kutoka kichakani. Karibu zaidi ya hapo, paka atajificha na kurukia. Mbali zaidi, ndege hatakuwa na pa kukimbilia kipanga akipita. Mwaga maji yote jioni, kila jioni, kwa sababu ya mbu. Malaria tunayo ya kutosha. Asubuhi sugua sahani kwa brashi na maji ya moto bila sabuni, kisha jaza upya.

Chakula nashauri kidogo sana: kijiko kimoja cha chai cha ulezi, mara mbili kwa juma, kinyunyizwe chini kwenye udongo. Usimwage unga wa bukari, usimwage wali wenye chumvi, na usitoe kila siku, kwa sababu panya watajua kabla ya ndege.

Kinachofaa kuliko ulezi ni kona ya nyasi. Acha mita mbili kwa mbili za uwanja wako bila kulima wala kufagia kuanzia mvua za Novemba. Zitaota nyasi za kawaida, pamoja na ule ulezi-mwitu unaoota njiani ambao kila mtu huukanyaga. Zikitoa masuke Februari na Machi, usizikate. Zikikauka na kudondosha mbegu, hapo ndipo mezani pa mshigi kwa miezi mitano ijayo.

Hili lilinigombanisha nyumbani. Kwetu uwanja usiofagiliwa ni aibu, na mama aliniambia: "Mwanangu, unatufugia nyoka." Ana haki ya kuogopa. Tulikubaliana kona iwe mbali na mlango na mbali na pale watoto wanapocheza, na pembeni yake nifyeke mstari wa hatua mbili ukae mtupu, ili chochote kitakachotoka kionekane. Tangu hapo ni miaka minne, na mama mwenyewe sasa huwazuia wageni wasitupe maji machafu pale.

Jambo moja zaidi, dogo lakini lina faida: mkichinja kuku, chukua manyoya madogo meupe ya kifuani, konzi moja, uyatundike kwenye waya wa ua. Sababu utaiona katika hatua ya 5.

Hatua ya 4: Jifunze sauti kabla mvua hazijaanza

Fanya hivyo Septemba na Oktoba, mji ukiwa bado na ukimya wa asubuhi na majani machache ya kuficha ndege. Sauti ya mshigi wa uani ni laini, haifiki mbali. Huanza na mlio mmoja mkavu kama mtu aliyegonga ukucha kwenye kibiriti, kisha hufuata miluzi miwili, mitatu au minne myororo inayopanda: tik, pii-pii-pii. Akishtuka hurudia ule mlio mkavu peke yake.

Wale ndugu zake wa vichakani hutetemesha sauti, mfululizo wa haraka kama ukungu wa mlio mmoja, trrrrr. Wa uani hafanyi hivyo. Ukishaweza kusema kwa sikio tu, "huyu anatetemesha, huyu hatetemeshi", umepata ufunguo ambao utakuja kuufungulia mlango mwingine Januari.

Rekodi. Shika simu mita mbili au tatu kutoka kwa ndege, sehemu ya kinasa ikimwelekea yeye, zima feni, ngoja pikipiki ipite. Dakika moja inatosha. Mwishoni useme mwenyewe kwa sauti: tarehe, saa, mtaa, na ulichokiona akifanya. Usitegemee kumbukumbu. Rekodi kumi zisizo na tarehe hazifai kitu, na moja yenye tarehe itakusaidia hata baada ya miaka.

Onyo: usimpigie ndege sauti yake mwenyewe kutoka kwenye simu mara kwa mara. Anadhani mgeni ameingia kwake. Ataacha kula, ataacha mayai, amtafute mtu ambaye hayupo.

Hatua ya 5: Kiota, kwa mbali

Savana ya upande wetu hupata mvua tangu Novemba hadi Machi au Aprili, na ndege wala mbegu hawana haraka ya kuzaa mvua inapoanza, maana wakati huo mbegu za zamani zinaota na mpya hazijakomaa. Mshigi husubiri. Tangu katikati ya mvua mpaka nyasi zinapokauka ndipo utaona dume ameshika unyoya au ujani mrefu mdomoni, mbele ya jike, akijiinua na kujishusha kama anayetwanga, huku akiimba. Ndiyo posa yake.

Yale manyoya ya kuku uliyotundika yataanza kupungua. Mfuate kwa macho anayebeba, usimfuate kwa miguu. Kiota ni kama chungu kidogo cha nyasi kavu, cha mviringo, chenye mlango ubavuni, na ndani kimetandikwa manyoya. Huwekwa chini chini: kichakani, ndani ya ua wa miti, kwenye tundu la ukuta wa tofali, hata katika paa la nyasi la paillote. Katika mitaa ambayo watu wamefyatua tofali kutoka kwenye vichuguu vikubwa vya Katanga, kuta za zamani zimejaa matundu ya kumfaa.

Mayai ni meupe, kwa kawaida matatu au manne. Baba na mama hupokezana kuatamia, siku 11 au 12. Watoto hukaa kiotani siku 18 hivi, kisha hulishwa nje siku kadhaa zaidi. Kwa hiyo ukimwona mzazi akiingia na kutoka kwa utaratibu, hesabu mwezi mmoja mbele kwenye kalenda, na kwa mwezi huo usikate ua, usichome takataka karibu, usiwaruhusu watoto kuchungulia.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili niliajiri kijana anikatie bugenvilia mwezi wa Machi, kwa sababu tulikuwa na wageni wa harusi. Sikumwambia lolote, na sikuwa nimetazama. Kiota kilianguka na matawi, ndani mna watoto wanne wasio na manyoya. Tulikirudisha juu kwa kamba. Wazazi walizunguka siku nzima, jioni wakaacha. Tangu hapo ua wetu hukatwa Septemba tu, hata kama rais wa mtaa anakuja.

Usiguse kiota, hata kwa kutaka kuhesabu mayai. Kama huna budi kutazama, subiri wazazi wote wametoka, sogea mara moja, sekunde kumi, kisha ondoka kwa njia nyingine, maana paka hufuata njia uliyopita. Mimi siku hizi sitazami. Nahesabu kwa kuangalia watoto wangapi wametoka.

Maisha ya ndege hawa ni mafupi. Mtafiti Marie-Yvonne Morel aliwafuata kwa miaka kule Richard-Toll, Senegal, akachapisha kazi yake mwaka 1973, na picha aliyoitoa ni ya viumbe wanaokufa wengi na kuzaa upesi, kundi likijazwa upya kila msimu na vijana. Kwa hiyo usimpende mmoja ukampa jina ukidhani atakungoja miaka kumi. Anayerudi mlangoni pako mwaka ujao huenda ni mwanawe.

Na vijana wenye manati na ulimbo? Kuwafukuza hakusaidii, wanahamia ua wa pili. Niliwapa wawili wao kazi: kila jioni waniambie wamemwona dume wapi na jike wapi, niandike na jina la aliyeona. Mtoto ambaye jina lake limeandikwa daftarini hukilinda kitu kuliko askari.

Hatua ya 6: Ndege mweusi juu ya waya

Sasa tumefika. Januari, au mwishoni mwa Desemba, tazama juu: kilele cha mti mkavu, waya wa umeme, nguzo ya antena. Utaona ndege wa kimo cha mshigi au zaidi kidogo, mweusi wa kung'aa wenye bluu ndani yake kama chuma kipya. Katika pande zetu za kusini mara nyingi mdomo wake ni mwekundu na miguu myekundu. Huyo ni fumbwe, Vidua chalybeata. Watu wa Kinshasa wasidhani nataja fumbwa, ile mboga. Ni majina mawili yaliyokaribiana tu.

Fumbwe hajengi kiota. Hajawahi kujenga. Jike wake, mwenye michirizi ya kahawia kama shomoro, huchungulia kiota cha mshigi wa uani na kutaga humo, kisha huondoka. Mshigi huatamia yote, hulisha wote. Tofauti na watoto wa kekeo wa aina nyingi, ndege ambao nao hutaga katika viota vya wengine, mtoto wa fumbwe hawatupi wenzake nje wala hawaui. Wanakua pamoja, bega kwa bega.

Mshigi hulishaje mtoto asiye wake? Mtoto wa mshigi akifungua kinywa, ndani mna madoa meusi yaliyopangwa kwa namna yake, na pembeni vinundu vya kung'aa vinavyoonekana hata gizani mwa kiota. Mzazi hulisha kinywa chenye alama hizo. Mtoto wa fumbwe amezaliwa na alama zilezile. Kila aina ya mshigi ina mpangilio wake, na kila aina ya fumbwe hufanana na mpangilio wa mwenyeji wake.

Lakini kilichonifanya niandike haya yote ni sauti. Chukua simu, simama chini ya ule waya, rekodi dakika kumi. Fumbwe ataimba milio mikavu ya haraka, yenye kukwaruza, ambayo ni yake. Kisha, katikati, utasikia: tik, pii-pii-pii. Geuka utafute mshigi nyasini, hayupo. Ni yule mweusi. Rudi nyumbani ufungue rekodi yako ya Oktoba, uzisikilize moja baada ya nyingine. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilimwita yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) atoke jikoni na mikono yake ina unga, nikamwambia asikilize bila kutazama, aniambie ni ndege wangapi. Akasema: "Ni mmoja, ule wa mlangoni." Nikamwonyesha juu. Akanyamaza, akaomba nirudie.

Jürgen Nicolai, Mjerumani, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa kina mwaka 1964: madume wa jamii hii hubeba nyimbo za wale waliowalea. Baadaye Robert Payne wa Marekani aliwafuata fumbwe jirani yetu tu, Lochinvar huko Zambia. Yeye na wenzake walichapisha mwaka 2000 jaribio ambalo bado linanishangaza. Waliwapa watoto wa fumbwe walezi wengine kabisa, ndege wa kufugwa wenye asili ya Asia, ambao fumbwe wa porini hajawahi kukutana nao. Madume walipokua wakaimba wimbo wa walezi hao wapya. Majike nao wakawapenda madume wenye wimbo huo, na wakaenda kutaga katika viota vya ndege haohao wa Asia. Kinywa chenye madoa amezaliwa nacho. Wimbo amefundishwa na mlezi, na wimbo huo ndio unaomwambia nani wa kuoana naye na mlango gani wa kubisha.

Kwa hiyo sikio lako sasa lina kazi. Katika Katanga wapo fumbwe wengine weusi wanaofanana mno na huyu, hata mtaalamu mwenye darubini huhangaika. Mmoja hulelewa na yule mshigi wa vichakani mwenye wekundu wa kiwaridi, mwingine na yule mwekundu wa giza. Midomo yao kwa kawaida ni myeupe. Lakini usibishane na rangi. Sikiliza anaiga nani. Akiiga miluzi myororo bila kutetemesha, ni wa mshigi wa uani. Akiweka trrrrr ndani ya wimbo, amelelewa kichakani. Ndiyo sababu nilikusumbua na sauti tangu Septemba.

Namna ya kufanya, kwa mpangilio: mtafute fumbwe saa moja au mbili asubuhi. Weka alama ya waya au mti anaokaa, kwa sababu dume hushika kituo kimoja na kukiimbia msimu mzima. Akifa, mwingine hukirithi, kituo kikabaki kilekile. Majike ndio huja kwake. Rekodi siku tatu tofauti. Andika saa aliyoanza, saa aliyoacha, na kama jike alifika. Kisha tembea kilomita chache umtafute wa mtaa mwingine, umrekodi naye. Payne aligundua kwamba madume wa ujirani mmoja huimba milio ileile mikavu, na ukisogea mbali milio hubadilika. Ni kama sisi: mtu wa Lubumbashi na wa Likasi wote wanasema Kiswahili, lakini utamjua akifungua kinywa. Sijamaliza kuupima mji wetu kwa njia hii. Nina madume watano, wa Katuba watatu na wa Ruashi wawili, na ningefurahi kama kila mtaa ungekuwa na mtu wake mwenye simu.

Kuhusu daftari

Mistari sita inatosha kila siku: tarehe, saa, mvua au jua, wangapi, wanafanya nini, nani mwingine yuko nao. Siku usipomwona andika "hakuna", maana ukurasa mtupu hausemi kama ndege hakuwapo au wewe ndiye hukuwapo. Mwisho wa mwezi, kama una mega za intaneti za kutosha, hesabu zako na rekodi unaweza kuziweka kwenye eBird, programu ya bure ambayo watafiti wa ndege duniani huitumia. Kwenye kiota usiandike mahali kamili. Taja mtaa tu.

Hatua ya 7: Mei na Juni, tafuta aliyepotea

Mvua zikikatika fumbwe hutoweka juu ya waya. Wengi huandika "ameondoka" na kufunga daftari. Hajaondoka. Weusi wake umedondoka, unyoya baada ya unyoya, na amebaki na michirizi ya kahawia kama ya jike. Ameshuka chini kula pamoja na kundi la ndege wala mbegu. Katika wiki za kubadilika utamkuta na mabaka, nusu mweusi nusu kahawia, kama nguo iliyotiwa viraka.

Rudi kwenye kiti chako cha Juni iliyopita, mita nne kutoka kona ya nyasi zilizokauka. Washigi watashuka kwanza. Nyuma yao, hatua mbili tatu, tazama yule mwenye mistari kichwani anayeparua udongo kwa miguu yote miwili kwa mpigo, akirusha vumbi nyuma ili kufunua mbegu. Tazama mdomo. Tazama miguu. Kama ni myekundu, chukua penseli uandike tarehe, na kando yake uandike jina la waya aliokuwa akiuimbia.